Daktari Aliyekuwa Rais: Habari za Dk. Banda na Mafunzo Yake Kwetu

Muhula huu, katika somo la Uraia la Kidato cha Tatu, niliulizwa swali ambalo nililijibu vibaya. Tulikuwa twazungumza habari za watu walioacha kazi zao wakaingia katika siasa: walimu, wanasheria, makarani na askari. Mwanafunzi mmoja wa kike akasimama akauliza, “Mwalimu, daktari mzuri akiacha hospitali akawa kiongozi wa nchi, je, nchi imepata au imepoteza?”

Nilijibu mara moja pasipo kufikiri. “Imepata,” nikasema. “Zamani aliponya watu arobaini kwa siku, sasa ataponya mamilioni.” Darasa likafurahi, nami nikaugeukia ubao.

Lakini yule mwanafunzi hakuketi. Alisema kwamba kijijini kwao mganga wa zahanati aliacha kazi akagombea cheo, akashinda. Tangu hapo mama yake humbeba mdogo wake mgonjwa kwa miguu mpaka kijiji cha pili, kwa kuwa zahanati yao haijapata mganga mwingine. Baada ya kusema hayo akaketi, na kengele ikalia.

Nilikwenda nyumbani sina raha. Mwalimu akikosa, yampasa kusahihisha mbele ya wale wale aliowakosesha. Ndiyo maana nimemwomba Mhariri nafasi katika gazeti letu. Nimechagua mtu mmoja ambaye maisha yake yalijibu swali hilo kwa urefu kuliko mtu yeyote mwingine katika sehemu zetu hizi. Ni jirani yetu wa ng’ambo ya Ziwa Nyasa: Dk. Hastings Kamuzu Banda, Rais wa kwanza wa Malawi.

Mtoto wa Kasungu

Banda alizaliwa katika wilaya ya Kasungu, nchi ya Wachewa, mwishoni mwa karne ya 19, wakati Waingereza walipokuwa wanaanza kuitawala nchi waliyoiita baadaye Nyasaland. Tarehe yake hasa haikuandikwa. Alisoma katika shule za misheni ya Waskoti, na ilisimuliwa mara nyingi jinsi alivyokatizwa masomo yake. Kwa kuwa alikuwa mfupi wa kimo, siku ya mtihani alisimama ili auone ubao juu ya vichwa vya wenziwe. Msimamizi akadhani anaibia, akamtoa nje.

Kijana huyo hakukaa nyumbani kulia. Kiasi cha mwaka 1915 alishika njia kwa miguu kwenda kusini. Katika Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, alipata kazi ya chini katika hospitali ya Hartley. Yaonekana kwamba hapo ndipo alipoanza kutamani udaktari. Kisha akaenda Johannesburg, akafanya kazi katika migodi ya dhahabu na kusoma usiku. Kwa msaada wa kanisa la Wamarekani weusi alifika Marekani mwaka 1925.

Huko alisoma kwa miaka kumi na miwili: kwanza katika shule ya Wilberforce, jimbo la Ohio, kisha Indiana, kisha Chuo Kikuu cha Chicago, ambako alipata shahada mwaka 1931 akiwa amesoma historia. Mwisho aliingia Meharry, chuo cha udaktari cha watu weusi mjini Nashville, akahitimu mwaka 1937. Lakini shahada hiyo ya Kimarekani haikumpa ruhusa ya kutibu katika himaya ya Mwingereza. Basi akavuka bahari, akaketi tena darasani Edinburgh, mji wa Uskoti, akapata cheti cha Kiingereza mwaka 1941. Mwanafunzi anayelalamika kurudia mtihani mmoja na afikirie habari hii.

Daktari wa London

Nia yake ilikuwa kurudi nyumbani kutibu watu wake. Habari za maisha yake zaeleza kwamba wauguzi wa Kizungu katika misheni moja walikataa kufanya kazi chini ya daktari Mwafrika. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa radhi kumpa kazi, lakini kwa sharti kwamba asitazamie kuchangamana na madaktari Wazungu nje ya kazi. Alikataa. Akabaki Uingereza, akatibu wagonjwa huko kaskazini wakati wa vita, na tangu mwaka 1945 akawa na chumba chake cha kutibia London, sehemu ya Harlesden.

Wagonjwa wake wengi walikuwa Waingereza wa kawaida, nao walimpenda. Jioni nyumba yake ilijaa wageni wa namna nyingine: wanafunzi na viongozi wa Kiafrika waliopita London. Mwaka 1945 alihudhuria Mkutano wa Umoja wa Waafrika mjini Manchester, ambao Nkrumah na Kenyatta walikuwamo. Chama cha Congress cha Nyasaland kilikuwa kimeundwa mwaka 1944, na daktari huyu wa mbali alikisaidia kwa fedha zake na kwa kalamu yake. Mwaka 1949, pamoja na Harry Nkumbula wa Rhodesia ya Kaskazini, aliandika waraka wa kupinga mpango wa kuziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland chini ya walowezi. Hata hivyo Shirikisho hilo liliundwa mwaka 1953. Mwaka huo huo Banda aliondoka Uingereza, akaenda kutibu watu Kumasi, katika Gold Coast, ambayo ni Ghana ya leo.

Hapa yatupasa kusimama kidogo tuulize: kwa nini madaktari walionekana mbele katika siasa za siku zile? Sababu moja ni elimu, kwa maana waliokuwa wamesoma kiasi hicho walihesabika kwa vidole. Sababu ya pili ni kwamba daktari huona umaskini kwa karibu. Mkulima huweza kumficha mgeni njaa yake, lakini hawezi kumficha mganga mbavu za mtoto wake. Sababu ya tatu husahauliwa sana: ni fedha. Daktari mwenye chumba chake mwenyewe hali mkate wa Serikali, kwa hiyo Serikali haiwezi kumfukuza.

Tutazame mfano wa kwetu. Dk. Vedasto Kyaruzi, aliyesomea Makerere, alishika urais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, mwaka 1950. Yeye alikuwa daktari wa Serikali. Serikali haikuwa na haja ya kumfunga. Ilimwandikia barua ya uhamisho tu. Alitolewa Dar es Salaam akapelekwa hospitali ya gereza la Kingolwira, karibu na Morogoro, na kisha mbali zaidi, Nzega. Chama kikabaki makao makuu na rais wake akawa mikoani. Mwaka 1953 Mwalimu Nyerere alichaguliwa kuwa Rais wa TAA, na mwaka 1954 ikazaliwa TANU. Banda hakuwa na mwajiri wa kumhamisha. Katika jambo hilo alikuwa huru kabla ya nchi yake.

Kurudi nyumbani

Viongozi halisi wa Congress ya Nyasaland miaka ile walikuwa vijana. Henry Chipembere na Kanyama Chiume walikuwa hawajafika umri wa miaka thelathini. Walikuwa na akili na ushujaa, lakini waliona kwamba wazee vijijini hawatawafuata watoto. Walitaka mtu mzima, msomi, mwenye jina. Wakamwandikia daktari barua, wakamsihi arudi.

Alirudi tarehe 6 Julai 1958, baada ya kukaa ugenini zaidi ya miaka arobaini. Watu walimiminika uwanja wa ndege wa Chileka, karibu na Blantyre, kumlaki. Walimwona mzee nadhifu wa suti na kofia ya Kizungu, akihutubia kwa Kiingereza na mkalimani kando yake, kwa kuwa lugha ya mama ilikuwa imemtoka ulimini. Hilo halikuwapunguzia watu imani. Walikuwa wamepata daktari.

Mwezi Agosti, katika mkutano wa Nkhata Bay, alichaguliwa kuwa Rais wa chama. Tena alipewa uwezo wa kuwateua mwenyewe wajumbe wa halmashauri. Nawaomba wasomaji walitie jambo hilo alama, maana tutalirudia. Aliyetoa uwezo huo hakuwa Gavana, wala Banda hakuunyakua kwa nguvu. Alipewa na vijana wale wale, kwa furaha, kwa haraka ya kutaka uhuru.

Mambo yakaenda mbio. Tarehe 3 Machi 1959 Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Banda akakamatwa usiku akiwa katika nguo za kulalia, akapelekwa gereza la Gwelo, Rhodesia ya Kusini. Watu 51 waliuawa katika machafuko ya siku zile, na 20 kati yao walikufa siku moja, Nkhata Bay. Tume ya Jaji Devlin, iliyotumwa kutoka Uingereza, iliandika bila kuficha kwamba nchi hiyo ilikuwa kwa wakati huo ni dola ya polisi. Banda alifunguliwa tarehe 1 Aprili 1960. Chama chake kipya, Malawi Congress Party, kilishinda uchaguzi wa Agosti 1961 kwa kishindo. Mwezi Februari 1963 akawa Waziri Mkuu. Mwisho wa mwaka huo Shirikisho likavunjwa. Na tarehe 6 Julai 1964, miaka sita kamili tangu ashuke kwenye ndege, Nyasaland ikawa Malawi huru.

Mpaka hapo, jibu langu la darasani lingepata alama zote.

Ugomvi wa peni tatu

Uhuru ulikuwa haujamaliza miezi miwili Baraza la Mawaziri lilipoanza kugombana. Mawaziri vijana walikuwa na malalamiko kadha wa kadha. Walisema kazi za juu hazipewi Waafrika upesi. Walisema Waziri Mkuu anafanya urafiki na Wareno wa Msumbiji na walowezi wa kusini. Walisema mishahara ya watumishi wa kawaida imebanwa. Na walisema jambo moja ambalo kwa somo letu ni kubwa: kwamba mgonjwa wa nje aendaye hospitali ya Serikali sasa hutozwa peni tatu.

Fikirini. Waliokuwa wakiitetea hospitali ya bure walikuwa mwalimu na mwanasheria na wengine ambao hawakupata kushika kisu cha upasuaji. Aliyekuwa akitoza alikuwa daktari. Banda alikuwa na hoja yake: nchi ilikuwa maskini, hazina ilikuwa tupu, na hakutaka kuishi kwa kuomba. Huenda alikuwa na haki, huenda hakuwa nayo. Watu wenye busara waweza kubishana juu ya peni tatu. Kosa lilikuwa kwamba hakukubali kubishaniwa. Mawaziri walinung’unika pia kwamba huwaita “vijana wangu” mbele ya watu, kama mganga awaitavyo madresa wake wodini.

Mwezi Septemba 1964 aliwafukuza Chiume, Orton Chirwa na wengine. Chipembere na wenziwe wakajiuzulu. Muda si muda wote walikuwa nje ya nchi. Wengi walikuja kwetu. Chiume alikuwa amelelewa na kusomeshwa Tanganyika, akakijua Kiswahili vizuri. Alikaa Dar es Salaam uhamishoni miaka mingi. Chirwa, aliyekiongoza chama kipya Banda alipokuwa kifungoni, alikamatwa mwaka 1981 pamoja na mkewe Vera, akahukumiwa kifo, kisha akabadilishiwa kifungo cha maisha. Alifia gereza la Zomba mwaka 1992.

Rais wa maisha

Mwaka 1966 Malawi ilikuwa Jamhuri, na katiba yake ikaruhusu chama kimoja tu. Mwaka 1971 Banda alitangazwa kuwa Rais wa maisha. Nguzo nne za chama zilifundishwa kila mahali: Umoja, Uaminifu, Utii na Nidhamu. Mtu asiye na kadi ya chama aliweza kuzuiwa kuingia sokoni au kupanda basi. Wanawake walikatazwa suruali na sketi fupi, wanaume nywele ndefu. Vitabu vilipitiwa na wakaguzi kabla ya kuuzwa. Jack Mapanje, mshairi na mwalimu wa Chuo Kikuu, aliwekwa kizuizini tangu 1987 mpaka 1991 bila kushitakiwa kosa lolote. Mwaka 1983 wanasiasa wanne walikufa karibu na Mwanza, wilaya ya mpakani ya Malawi, si mji wetu. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Tume iliyoundwa baada ya utawala wake kwisha iligundua kwamba waliuawa na polisi. Banda mwenyewe alishitakiwa kwa vifo hivyo, na mwezi Desemba 1995 mahakama ikamwachia huru.

Haifai kuficha mema yake. Alijenga barabara, akahamishia makao makuu Lilongwe mwaka 1975, akafungua Chuo Kikuu mara baada ya uhuru, akahimiza kilimo. Lakini mwalimu wa shule hawezi kulipita jambo moja. Mwaka 1981 Rais huyu alifungua kwao Kasungu shule ya fahari iitwayo Kamuzu Academy, ambako watoto walifundishwa Kilatini na Kigiriki. Chuo cha kufundisha madaktari hakikufunguliwa nchini mpaka mwaka 1991. Kwa miaka 27 tangu uhuru, Malawi ilitawaliwa na daktari, wala haikuwa na mahali pa kumfundishia daktari hata mmoja. Aliyetaka kazi hiyo hakuwa na budi kwenda ng’ambo, kama alivyokwenda Banda mwenyewe siku za ukoloni.

Mwaka 1992 maaskofu wa Kikatoliki waliandika barua ya kichungaji, ikasomwa makanisani, ikataja waziwazi hofu na umaskini wa watu. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi walipiga kura ya maoni, na zaidi ya sita katika kila kumi wakachagua vyama vingi. Mwezi Oktoba Banda alipasuliwa kichwa hospitalini Afrika ya Kusini. Mwezi Mei 1994 alishindwa na Bakili Muluzi, naye akaondoka madarakani kwa amani. Na hilo pia lihesabiwe upande wake. Mwaka 1996 alitoa tamko la kuwaomba radhi wananchi kwa maumivu yaliyotokea bila yeye kujua. Alifariki tarehe 25 Novemba 1997 katika hospitali ya Johannesburg, ugenini tena.

Walinzi watatu wa mgonjwa

Sasa tutafute mafunzo. Wapo watakaosema: “Banda alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo.” Sisadiki hivyo. Mtu mbaya tangu mwanzo hapendwi na wagonjwa wa Harlesden. Wengine watasema: “Udaktari humzoeza mtu kuamuru.” Hilo lina kweli ndani yake. Daktari husema “kunywa dawa hii mara tatu” na mgonjwa hunywa. Husema “lala” na mgonjwa hulala. Aliyezoea utii huo kwa miaka ishirini akipewa nchi, aweza kuwaona raia wote kuwa wagonjwa.

Lakini kwa nini amri hizo hazimdhuru mtu hospitalini? Kwa sababu mgonjwa ana walinzi watatu ambao aghalabu hatuwaoni.

Mlinzi wa kwanza ni ridhaa. Mgonjwa amekuja kwa miguu yake, na daktari hawezi kumpasua mpaka amkubalie.

Mlinzi wa pili ni daktari wa pili. Nisipoiamini dawa ya huyu, naweza kwenda kwa mwingine, na daktari mwema hakasiriki. Pengine yeye mwenyewe huniandikia barua ya kunipeleka.

Mlinzi wa tatu ni hesabu. Daktari huandika kila alilotenda, na liko baraza juu yake linaloweza kumwita, kumhoji na kumfutia leseni.

Twaona basi kilichotokea Malawi. Chama kilipobaki kimoja mwaka 1966, ridhaa ilikwenda, maana mwenye kuchagua kimoja katika kimoja hakuchagua. Mawaziri walipofukuzwa mwaka 1964, daktari wa pili alikwenda. Urais wa maisha ulipotangazwa mwaka 1971, hesabu ilikwenda. Banda alichukua utii wa hospitali akawaacha walinzi wake nje ya mlango. Na tusisahau Nkhata Bay: mlinzi wa kwanza aliondolewa na marafiki zake, kwa nia njema, wakimpa zaidi ya alichostahili mtu yeyote kupewa.

Kuonyesha kwamba njia nyingine ipo, nitamtaja daktari mmoja wa Ulaya kwa ufupi. Rudolf Virchow alikuwa kijana wa miaka 26 Serikali ya Prussia ilipomtuma mwaka 1848 kuchunguza homa iliyokuwa ikiua watu katika wilaya maskini za Silesia ya Juu. Serikali ilitazamia taarifa juu ya dawa. Yeye aliandika kwamba watu wanakufa kwa njaa, kwa ujinga, kwa nyumba mbovu na kwa kutawaliwa bila kuulizwa, na kwamba dawa yao ni shule, kazi na uhuru. Baadaye aliingia Baraza la Mji wa Berlin mwaka 1859 na Bunge la Prussia mwaka 1862. Hakutawala kamwe. Alibishana na Bismarck juu ya bajeti. Akahimiza mifereji ya maji machafu, hospitali na ukaguzi wa nyama. Na siku zote hizo hakuacha kufundisha madaktari wapya. Walinzi watatu walikuwa juu yake muda wote, wala hatusikii kwamba walimzuia kufanya kazi njema.

Jibu langu la pili

Sasa namrudia mwanafunzi wangu. Aliniuliza kama nchi imepata au imepoteza. Jibu sahihi ni kwamba hatuwezi kujua siku ile daktari anapofunga mkoba wake. Twapaswa kungoja na kutazama mambo mawili. La kwanza: je, anakubali kuulizwa, kubishiwa na kuondolewa, kama alivyokubali alipokuwa daktari? La pili: je, kiti alichokiacha hospitalini kimepata mtu? Kiongozi aliyetoka hospitalini ana deni kwa wodi aliyoiacha. Akiwa katika Bunge na asitoke kijana hata mmoja wa kumrithi katika zahanati ile, basi yule mama anayetembea mpaka kijiji cha pili ndiye anayelilipa deni hilo kwa miguu yake. Nilipolijibu swali upesi nilimsahau mama huyo. Bintiye hakumsahau, naye alikuwa na haki kuliko mwalimu wake.

Kwa wazazi wanaosoma ukurasa huu nasema: msiwakataze watoto wenu kutamani udaktari wala siasa. Kwa wanafunzi wanaochukua Fizikia, Kemia na Baiolojia nasema: someni sana, lakini msidhani kwamba masomo ya Historia na Uraia ni ya wengine. Banda alijua historia, aliisoma Chicago. Hakukosa elimu. Alikosa mtu wa kumwambia “Hapana, Bwana Mganga” akabaki kazini kesho yake.

Maswali ya kujipima

1. Eleza sababu tatu zilizowafanya madaktari waonekane mbele katika siasa za Afrika kabla ya uhuru. Ipi kati yao ingali na nguvu leo?

2. Linganisha hali ya Dk. Banda na ile ya Dk. Kyaruzi. Kwa nini barua ya uhamisho ilitosha kwa mmoja na haikuweza kutumika kwa mwingine?

3. “Vijana wa Congress walijifungia mlango wenyewe mwaka 1958.” Jadili.

4. Ungalikuwa Waziri katika Malawi mwaka 1964, ungalisema nini juu ya peni tatu? Toa hoja ya kila upande kabla ya kutoa yako.

5. Uliza nyumbani: zahanati au hospitali iliyo karibu nanyi ina waganga wangapi, na ilikuwa nao wangapi miaka kumi iliyopita? Andika majibu, uyalete darasani muhula ujao. Swali hili sina majibu yake kitabuni. Nitayasoma katika madaftari yenu.